DAMU CHOONI, NA UGONJWA WA UTUMBO UNAOPITA KATIKA FAMILIA



Kuna ugonjwa ambao wakazi wengi wa Rhino Camp, Imvepi, Lobule na vijiji vya jirani vya Arua na Koboko hawajapata kuusikia kwa jina, ingawa huenda wamewahi kuuona ukipita katika nyumba fulani. Baba wa familia anafariki kwa tumbo akiwa na miaka 40. Baada ya miaka kadhaa dada yake anaanza kutoa damu chooni, anakonda, naye anafariki. Kisha kijana wa kwanza wa yule baba, mwenye miaka 35, anaanza kulalamika maumivu yale yale. Hapo maneno huanza. Wengine husema ukoo una laana. Wengine husema kuna mtu anawatilia sumu, na vidole vinaelekezwa kwa mama mjane anayeuza pombe, au kwa jirani aliyegombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba.

Hatusemi kwamba hakuna mtu aliyewahi kutiliwa sumu. Lakini sumu haichagui watu wa damu moja, mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa miaka ishirini, ikamwacha mke aliyekula chungu kimoja nao. Ugonjwa ukifuata damu, sababu yake itafutwe katika damu. Katika karatasi hii tunaeleza ugonjwa huo ni nini, unapitaje kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, na wewe ufanye nini ukiona dalili zake nyumbani kwako.

VINYAMA NDANI YA UTUMBO

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula. Kwa mtu mzima una urefu wa mita moja na nusu hivi, nao unaishia kwenye puru, yaani pale ambapo kinyesi hukaa kabla ya kutoka nje. Ndani yake umefunikwa na ngozi laini yenye unyevu, na ngozi hiyo hujifanya upya kila baada ya siku chache. Mara nyingine mahali pamoja hukua kupita kiasi na kuota kinyama kidogo, kama uyoga wenye shina au kama tone la nta. Madaktari hukiita polipu.

Polipu haiumi. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi na asijue. Watu wengi wakizeeka huwa nayo moja au mbili, na nyingi hazileti shida. Lakini baadhi ya polipu, baada ya miaka kumi hivi au zaidi, hugeuka kuwa saratani. Saratani hiyo huchimba ukuta wa utumbo, hutoa damu, huziba njia, na mwisho husafiri hadi kwenye ini. Ukiondoa polipu kabla haijageuka, umeondoa saratani ambayo haijazaliwa. Ni magonjwa machache ya saratani yanayotoa nafasi kama hiyo.

Sasa, kuna familia ambazo vinyama hivi haviji kwa uzee. Vinakuja kwa kurithi, na vinakuja mapema.

FAMILIA ZA AINA TATU

Aina ya kwanza ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Mtoto anazaliwa mzima, anakua vizuri, na anapofika umri wa kubalehe utumbo wake mpana unaanza kuota polipu: mamia, mara nyingine maelfu, kama zulia. Zikiwa nyingi hivyo, haiwezekani zote zibaki salama. Asipotibiwa, karibu kila mtu mwenye hali hii hupata saratani ya utumbo, na wengi huipata karibu na umri wa miaka 40. Kati ya watu elfu kumi hivi, mmoja huzaliwa nayo. Baadhi yao huwa na alama nje ya utumbo pia: uvimbe mgumu wa mfupa kwenye taya au kichwani, meno ya ziada, vivimbe chini ya ngozi. Mwaka 1991 wanasayansi waligundua kasoro yenyewe iko wapi katika mwili, katika jeni inayoitwa APC.

Lakini angalia jambo hili. Katika hospitali ya St Mark's, London, madaktari walianza kuandika daftari la familia hizi tangu miaka ya 1920, yaani zaidi ya miaka 60 kabla jeni hiyo haijapatikana. Hawakuwa na kipimo chochote cha damu. Walichora tu ukoo kwenye karatasi: babu huyu, watoto wake hawa, nani alifariki kwa utumbo, akiwa na umri gani. Kisha waliwaita wale waliobaki na kuwatazama kabla hawajaugua. Kwa karatasi na kalamu waliokoa watu. Tutarudi kwenye daftari hilo, kwa sababu daftari hata wewe unaweza kuwa nalo.

Aina ya pili imejificha zaidi. Polipu ni chache tu, labda moja au mbili, lakini hugeuka kuwa saratani haraka, mara nyingine ndani ya miaka miwili au mitatu. Na katika familia hizi saratani haikai kwenye utumbo peke yake. Wanawake hupata saratani ya mji wa mimba, na wengine ya mayai ya uzazi, tumbo la chakula au njia ya mkojo. Habari zake zilianza na fundi cherehani mmoja wa Michigan, Marekani. Mwaka 1895 alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba watu wa kwao hufa kwa saratani ya utumbo au ya uzazi, na kwamba yeye naye atakufa hivyo. Akafariki kijana bado, kwa saratani ya mji wa mimba. Warthin alimwamini, akafuatilia ukoo mzima, na mwaka 1913 akaandika habari zao. Baadaye daktari Henry Lynch aliendeleza kazi hiyo kuanzia miaka ya 1960, na leo hali hii hubeba jina lake: ugonjwa wa Lynch. Kati ya hizi tatu ndiyo iliyoenea zaidi. Aliyeugundua kwanza, ukitazama vizuri, ni yule fundi cherehani aliyewahesabu marehemu wake.

Aina ya tatu ni nadra. Inaitwa Peutz-Jeghers. Alama yake ni madoa madogo ya rangi ya kahawia iliyoiva au nyeusi kwenye midomo, ndani ya mashavu, na mara nyingine kwenye vidole, yanayoanza utotoni. Polipu zake hukaa zaidi kwenye utumbo mwembamba na husababisha utumbo kuingia ndani ya utumbo, kama mkono wa shati unavyovutwa ndani. Mtoto hupata msokoto mkali unaokuja na kuondoka. Msitishike bure: ufizi mweusi ni kawaida kwa watu wetu wengi na si ugonjwa. Tunaongelea madoadoa juu ya mdomo wenyewe, pamoja na msokoto wa tumbo unaorudi rudi.

UNAVYOPITA KWA WATOTO

Mwili wa kila mtu umejengwa kwa maagizo aliyopewa na wazazi, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kila agizo ni jeni, na karibu kila jeni unayo mara mbili. Katika aina tatu tulizotaja, jeni moja yenye kasoro inatosha. Mzazi mwenye kasoro hiyo humpa mtoto au jeni nzima au ile mbovu. Ni kama kurusha sarafu ya shilingi kila mimba inapoingia. Kati ya watoto sita huenda watatu wakaipata, huenda mmoja, huenda wote. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana.

Kutokana na hilo kuna mambo ambayo hueleweka vibaya sana, na tungependa uyasome mara mbili.

Ugonjwa huu haufuati ukoo wa baba peke yake. Kwetu huku, Walugbara, Wakakwa na wengi waliotoka Sudan Kusini na Ituri huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Jeni haijui hesabu hiyo. Mjomba aliyefariki kwa utumbo ana uzito uleule kama baba mdogo. Mwanamke aliyeolewa mbali na kwao hubeba urithi wa kwao hadi kwa watoto wake, hata kama jina lao ni la ukoo mwingine.

Mwanamume mwenye kasoro hiyo akiwa na wake wawili, watoto wa nyumba zote mbili wako katika hatari sawa. Wake zake hawamo. Mara nyingi tunaona nyumba ya mke mkubwa ikifuatwa na maneno, na nyumba ya mke mdogo ikisahauliwa, kwa kuwa watoto wake bado ni wadogo. Hao wadogo ndio wanaoweza kusaidiwa zaidi.

Mtoto ambaye hakuirithi hawezi kuipitisha. Hairuki mtu mzima na kumwangukia mjukuu. Hata hivyo kwa macho tu huwezi kujua nani ameirithi.

Na kuna mtu anayeanza peke yake. Katika ile aina ya polipu nyingi, mgonjwa mmoja kati ya wanne hivi hana mzazi mwenye ugonjwa. Kasoro imeanza kwake. Tena kuna aina nyingine, ambayo jeni yake ilijulikana mwaka 2002, ambapo baba na mama wote ni wazima, kila mmoja amebeba jeni mbovu moja bila kujua, na mtoto aliyepata zote mbili ndiye anayeugua. Kwa hiyo usiseme, kwetu hakuna, basi si hii.

Hauambukizi. Haupiti kwa sahani, kwa choo, kwa kunyonyesha wala kwa kitanda cha ndoa. Binti wa familia hiyo asinyimwe ndoa, wala mgonjwa asitengewe kikombe.

JE, HUU SI UGONJWA WA WAZUNGU?

Swali hili huulizwa, na lina historia hapa hapa West Nile. Katika hospitali ya Kuluva, kusini mwa mji wa Arua, walifanya kazi kwa miaka mingi madaktari wawili ndugu, Ted na Peter Williams, ambao waliandika wagonjwa wao wa saratani kwa uangalifu. Mwaka 1961 Ted Williams alisafiri kwa gari pamoja na daktari Denis Burkitt wa Mulago na daktari Cliff Nelson, kilomita 16,000 hivi, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali kuhusu saratani ya taya ya watoto ambayo sasa inaitwa kwa jina la Burkitt. Baadaye, akiwa Uingereza, Burkitt aligeukia utumbo. Aliwauliza madaktari wa hospitali nyingi za vijijini Afrika ni wagonjwa wangapi wa saratani ya utumbo mpana wanaowaona, na jibu lilikuwa: wachache mno. Alisema sababu ni chakula. Watu wa vijijini walikula mtama, ulezi, muhogo, maharage na mboga za majani, choo chao kilikuwa kingi na laini, na kilipita haraka. Wazungu walikula mkate mweupe na nyama.

Alikuwa na hoja. Chakula chenye makapi hupunguza hatari, na hilo limethibitishwa tena na tena. Lakini tusilichukue neno lake kama kinga. Kwanza, katika miaka hiyo wengi walifariki nyumbani bila kupimwa, na mpira wa kutazama utumbo haukuwepo vijijini. Pili, mambo yamebadilika: rejesta ya saratani ya Kampala, inayohesabu wagonjwa tangu miaka ya 1950, imeonyesha saratani ya utumbo ikiongezeka. Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu, mtama haufuti jeni. Mtu aliyerithi polipu nyingi anaweza kula kalo ya ulezi na mboga ya kunde maisha yake yote, na bado zikaota. Katika nchi zetu wagonjwa wengi wa saratani hii ni watu walio chini ya miaka 50, na kila anayeugua akiwa kijana hivyo ni lazima aulizwe habari za ndugu zake.

DAMU CHOONI: KWANZA KICHOCHO, LAKINI SI KICHOCHO TU

Ukiona damu katika haja kubwa, usikimbilie kudhani ni saratani. Hapa kwetu sababu za kawaida ni nyingine. Kuna kuhara damu. Kuna ameba. Kuna bawasiri, ambayo hutoa damu nyekundu mwishoni mwa haja, hasa kwa mwenye choo kigumu na kwa mama aliyejifungua. Na kando ya Mto Nile, kwa wavuvi, wanaofua na watoto wanaoogelea, kuna kichocho cha utumbo. Mayai ya mdudu huyo hukwama katika ukuta wa utumbo, huleta damu na maumivu, na mtu aliyeambukizwa mara nyingi anaweza hata kuota polipu kwa sababu yake. Polipu hizo si za kurithi. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ipo na inafanya kazi, imeze unapopewa.

Tatizo ni lile linalotokea baadaye. Mtu anapewa dawa ya ameba. Damu inapungua, kisha inarudi. Anapewa dawa ya minyoo. Inarudi. Ananunua tena Flagyl dukani, mara ya nne, ya tano. Mwaka unakwisha. Saratani ya utumbo hutoa damu kidogo leo na kupumzika kesho, kwa hiyo kila dawa huonekana kama imesaidia.

Ushauri wetu ni huu: damu ikirudi baada ya kutibiwa vizuri mara mbili, usikubali dawa ya mara ya tatu kabla ya kupimwa mwilini. Rudi kituo cha afya, chukua daftari lako la matibabu, useme wazi, hii ni mara ya tatu. Sema pia kama choo kimebadilika kwa zaidi ya wiki tatu, mara kigumu mara kuhara, kama unahisi haja haijaisha hata ukitoka chooni, kama unakonda, kama umeambiwa huna damu mwilini na sababu haijulikani. Akina mama huambiwa upungufu wa damu ni wa uzazi, au ni malaria. Mara nyingi ni kweli. Kwa mama aliyeacha kupata hedhi na hana homa, si jibu la kutosha, na kwa mwanamume wala si jibu.

KIPIMO CHA KIDOLE

Tunataka kukaa kidogo hapa, kwa sababu aibu imewaua watu wengi kuliko ukosefu wa mashine.

Sehemu kubwa ya saratani hizi huota kwenye puru, karibu na njia ya haja. Daktari aliyevaa glovu, akapaka mafuta, anaweza kuigusa kwa kidole kimoja. Kipimo hicho huchukua dakika moja. Hakihitaji umeme wala rufaa. Kinaweza kufanyika kituoni leo. Na bado hakifanyiki, kwa kuwa mgonjwa anaona haya kueleza tatizo, na daktari naye anaona haya kumwambia mzee wa heshima avue nguo.

Mzee, hakuna anayekudharau. Mama, unayo haki ya kuomba mhudumu wa kike, au kuomba dada yako akae nawe nyuma ya pazia. Kama mhudumu wa kike hayupo siku hiyo, uliza yuko zamu lini, urudi siku hiyo. Ukisema "tumbo linauma" peke yake, utapata dawa ya tumbo. Ukisema "natoa damu nikienda haja kubwa, tangu mwezi wa pili", utapimwa. Kama huwezi kusema mbele ya foleni, iandike kwenye karatasi umpe nesi, au mweleze mhudumu wa afya wa kijiji chako aje nawe.

DAFTARI LA FAMILIA

Turudi kwenye lile daftari la London. Kipimo cha jeni ni cha gharama na si rahisi kukipata huku kwetu. Lakini habari za familia ni kipimo, na daktari mwenye habari hizo anajua nani wa kumtazama na kuanzia umri gani. Shida yetu ni kwamba ulikimbia kutoka Yei, Morobo, Aru au Mahagi bila karatasi yoyote. Hata wenyeji wa West Nile wako hivyo: wengi walikimbilia Sudan na Zaire baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, na makaratasi ya hospitali yakabaki nyuma yao. Rejesta iliyobaki ni kichwa cha bibi yako. Muulize angali hai.

Chukua daftari la shule. Andika upande wa baba na upande wa mama: babu na bibi, wazazi, shangazi, wajomba, ndugu zako wote wa tumbo moja na wa baba mmoja. Nani alifariki kwa tumbo, kwa damu chooni, kwa kuziba choo, kwa ugonjwa wa uzazi? Nani alipasuliwa, na wapi? Kama jina la ugonjwa halijulikani, andika yaliyoonekana. Kama umri haujulikani, tumia matukio: alifariki kabla ya vita vya Yei vya 2016, wakati mtoto wake wa mwisho hajaanza kutembea. Daktari anaweza kuhesabu kutoka hapo. Ndugu walio Bunia, Khartoum au Nairobi wapigie simu. Huenda mmoja wao tayari amepimwa, na jibu lake ni jibu lako pia.

Lete daftari hilo kituoni, hata kama wewe ni mzima kabisa, ikiwa mzazi, ndugu au mtoto wako alipata saratani ya utumbo kabla ya miaka 50. Au ikiwa watu wawili au zaidi wa upande mmoja walikuwa na saratani ya utumbo au ya mji wa mimba. Au ikiwa yeyote aliambiwa ana polipu nyingi. Madaktari hufuata kanuni hizi: kwa familia ya polipu nyingi, watoto huanza kutazamwa wakiwa na miaka 10 hadi 12, kwa familia ya Lynch, kuanzia miaka 20 hadi 25, kwa wengine wenye ndugu wa karibu aliyeugua, kuanzia miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao yule ndugu aliugua, lolote lililo mapema. Kaka aliugua na miaka 38? Wewe uanze na 28.

Habari hizo ni siri yako na ya daktari. Hazihusiani na mgao wa chakula wala na maombi ya kuhamia nchi nyingine.

RUFAA NA MATIBABU

Kituo cha afya cha makazi hakina mpira wa kamera wa kutazama utumbo mzima. Kutoka Lobule rufaa hupitia hospitali ya Koboko, na kutoka huko au kutoka Rhino Camp na Imvepi hufika hospitali ya rufaa ya mkoa, Arua. Mbele ya hapo ni Kampala: hospitali ya Mulago, na Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyopo huko huko tangu mwaka 1967. Usiuze mbuzi ukapanda basi la Kampala bila karatasi ya rufaa. Utazungushwa na fedha itaisha.

Lazima tuwe wakweli juu ya jambo moja. Matibabu ya gharama kubwa ya mkimbizi hujadiliwa na kamati, na swali mojawapo kubwa ni kama mgonjwa ana matumaini mazuri ya kupona. Mtu mwenye polipu, au saratani ambayo bado iko ndani ya ukuta wa utumbo, ana matumaini mazuri. Mtu ambaye ini lake limeshavimba anaweza kuambiwa hapana, na badala yake apewe dawa za kutuliza maumivu. Ni uamuzi mgumu kuusikia. Ndiyo maana tunasisitiza ile damu ya mara ya tatu.

Polipu chache huondolewa kwa waya mwembamba kupitia mpira huo huo, bila kisu. Kwa mwenye mamia ya polipu, njia ya kweli ni upasuaji wa kuondoa utumbo mpana, mara nyingi akiwa kijana wa miaka kumi na minane au ishirini na kidogo. Watu hushtuka: mtu ataishije bila utumbo? Anaishi. Utumbo mwembamba unaunganishwa chini, choo kinakuwa laini na cha mara kadhaa kwa siku, na mtu analima, anaoa, anasoma. Wengine hutolewa njia ya choo tumboni, wakavaa mfuko, kwa muda au daima. Katika makazi yenye maji ya foleni mfuko ni mzigo, hatukatai, na familia ijipange juu ya maji na sabuni. Waliobakiwa na puru watazamwe kila mwaka, maana polipu zaweza kuota tena hapo.

Usijitibu kwa kuingiza dawa ya mizizi kwa nyuma. Utumbo wenye kidonda unaweza kutoboka. Umesikia labda kwamba aspirini inazuia saratani hii. Ni kweli kwamba utafiti mkubwa wa watu wenye ugonjwa wa Lynch ulionyesha aspirini ya kila siku kwa miaka miwili ilipunguza saratani ya utumbo miaka ya baadaye. Lakini ilitolewa chini ya daktari, kwa watu waliothibitishwa. Aspirini ya sokoni kila siku huweza kutoboa tumbo la chakula, na watoto wasipewe. Sigara na waragi huongeza hatari kwa kila mtu, mwenye jeni na asiye nayo.

USINGOJE KESHO

Mambo haya hayangoji miadi wala daftari. Mtu mzima ambaye tumbo limejaa na kuwa gumu, anatapika, na hapitishi choo wala hewa, utumbo wake umeziba. Mtu anayetoa damu nyingi kwa mara moja, au choo cheusi kama lami, na anasikia kizunguzungu akisimama. Mtoto mwenye msokoto mkali unaomfanya akunje miguu na kulia, kisha anatulia, kisha unarudi, na choo chake kina ute mwekundu. Utumbo unaweza kuwa umeingia ndani ya utumbo, hata kama hana madoa yoyote mdomoni. Hao wapelekwe siku hiyo hiyo, hata usiku. Mwite mhudumu wa afya wa kijiji aombe gari la wagonjwa, usimpe mgonjwa chakula njiani, na chukua karatasi ya familia pamoja na daftari la matibabu.